Kabla ya kufuta simu, uliza simu ya jirani



Kwenye ukurasa huu tumezoea kuhakiki vitabu, hotuba za wakubwa, na mara nyingine kazi za mwisho wa masomo za wenzetu. Leo naomba nihakiki maandishi ambayo karibu kila mmoja wetu ameyasoma lakini sijaona mtu akiyahakiki. Nazungumzia ile orodha ya "njia kumi za kutengeneza Wi-Fi baada ya mizajuru". Kiswahili cha vitabuni kinasema sasisho. Lakini hapa Lulimba, na hata Baraka, ukisema sasisho mtu atakuuliza ndiyo nini hiyo. Kwa hiyo nitasema mizajuru, tuelewane.

Mnaijua orodha yenyewe. Inaingia kwenye grupu la WhatsApp usiku, imeshatumwa na kutumwa tena hadi haijulikani ilitoka kwa nani. Mara ni ya Kifaransa, mara ni Kiswahili cha kutafsiriwa na mashine ambacho bibi yako hawezi kukitambua. Mimi nimehifadhi nne, na zote zinafanana. Zima simu uiwashe. Weka hali ya ndege kisha uitoe. Zima ruta uiwashe. Sahau mtandao, halafu ujiunge upya. Weka upya mipangilio ya mtandao. Ikishindikana kabisa, rudisha simu kama ilivyotoka kiwandani. Na mwisho, peleka simu kwenye kituo rasmi cha huduma. Kituo gani? Cha Lulimba hapa?

Sisemi kwamba orodha ni ya uongo. Kila hatua iliyomo imewahi kumsaidia mtu mahali fulani. Ninachosema ni kwamba iliandikwa kwa mtu mwenye ruta yake mwenyewe sebuleni, umeme ukutani, kompyuta pembeni, na nakala ya vitu vyake mahali pengine. Huyo akifuata hatua zote na kukosea, amepoteza saa moja. Mtu wa huku akikosea anaweza kupoteza kazi. Nalijua hilo kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyemtumia mwenzangu orodha hiyo, naye akaifuata neno kwa neno.

FOMU 41

Mwenzangu huyo tulimaliza naye masomo mwaka mmoja. Kama wengi wetu, kazi aliyoipata ilikuwa ya anketi: siku chache, malipo ya kutwa, kupita nyumba kwa nyumba kwenye vijiji vya upande wa Misisi akiuliza watu habari za maji, na kujaza majibu kwenye simu ndani ya Kobo. Waliowahi kuifanya kazi hiyo wanajua uzuri wake. Kobo inakuruhusu kujaza fomu pasipo mtandao wowote, fomu inakaa ndani ya simu mpaka siku utakapopata intaneti uitume. Kwa barabara zetu hizi, hiyo ni neema. Ila ina upande wa pili: mpaka utakapoituma, fomu hiyo iko mahali pamoja tu duniani, ndani ya simu yako.

Alirudi Lulimba jioni akiwa na fomu 41 ambazo hazijatumwa. Alikuwa na tikiti ya Wi-Fi ya wiki nzima aliyonunua kwa papa mmoja mwenye antene. Akasema zoezi la kutuma ni la asubuhi, baada ya kuzipitia fomu vizuri. Akaacha simu kwenye chaji ya sola, akalala. Usiku simu ikajipakulia mizajuru yenyewe. Asubuhi alama ya Wi-Fi ikawa na kile kialama cha mshangao, na chini yake maneno: imeunganishwa, hakuna intaneti.

Akaniandikia: "Mukubwa, tangu mizajuru ya usiku Wi-Fi imekataa kabisa. Mwisho wa kutuma ni leo jioni. Nifanye nini?"

Mimi nilikuwa Baraka, niko katikati ya shughuli zangu. Sikumuuliza swali hata moja. Nikatafuta orodha kwenye simu, nikamtumia, nikaandika "fuata hizi". Ilinichukua labda nusu dakika.

Alifuata. Alizima akawasha, hakuna kitu. Akasahau mtandao akajiunga tena, hakuna kitu. Akaweka upya mipangilio ya mtandao, bado. Akafika kwenye hatua ya kurudisha simu kama ilivyotoka kiwandani, akabonyeza. Simu ikawaka safi, mpya, na tupu. Kobo haimo. Fomu 41 hazimo.

Ndipo akaenda kwa papa wa antene. Papa akamwambia: "Mwanangu, mbona si simu yako? Abonema yangu imeisha tangu alfajiri. Nimetuma mtu akalipe. Hapa hakuna simu hata moja inayopata."

Jioni abonema ikalipwa. Simu za wote zikapata intaneti, ya kwake ikakataa tena. Safari hii ilikuwa sababu nyingine: tikiti yake ilisema inatumiwa na simu nyingine. Papa akafungua orodha yake, akaitoa simu ya zamani, akaingiza mpya. Dakika mbili. Kumbe ile "simu ya zamani" ilikuwa ni hiyo hiyo iliyokuwa mkononi mwake.

Siku zile za vijijini hakulipwa, na kwenye anketi iliyofuata hakuitwa. Na watu wa nyumba 41 walikaa wakajibu maswali kuhusu kisima chao, majibu yao hayakufika popote.

KOSA LA KWANZA: HAIULIZI KITU

Katika zile orodha nne nilizohifadhi, hakuna hata moja inayoanza na swali. Zote zinaanza na amri: zima, washa, futa. Swali ambalo lingemwokoa mwenzangu ni hili tu: je, simu ya jirani inapata?

Mwandishi wa orodha hakuliweka kwa sababu kwake jirani hayupo kwenye hesabu. Wi-Fi ni ya nyumbani kwake, analipa mwenyewe, anajua kama amelipa. Kwetu Wi-Fi ni ya mtu. Ni ya papa mwenye antene, ya shirika, ya parokia, ya chuo. Mwezi wa Mei 2025 serikali yetu iliipa Starlink leseni, baada ya kuipiga marufuku mwaka 2024, kwa hiyo tutegemee antene za namna hii kuongezeka, na watu wengi kununua intaneti kwa tikiti badala ya kuwa na ruta yao. Mtandao ukiwa wa mwingine, nusu ya sababu za kukatika ziko kwake: abonema imeisha, betri ya sola imelala, tikiti imefika mwisho, amebadilisha neno la siri bila kuwaambia. Hakuna kitu cha kubonyeza ndani ya simu yako kitakachomlipia papa abonema.

Hapa sisi wasomi tunajiaibisha kidogo. Kwenye somo la mbinu za utafiti tulifundishwa wote kwamba jambo likija baada ya jingine, si lazima liwe limesababishwa nalo. Tuliandika hivyo kwenye mtihani. Lakini simu ikifanya mizajuru usiku na Wi-Fi ikakataa asubuhi, tunasema mara moja "ni mizajuru". Inawezekana ni yenyewe. Inawezekana pia ni usiku ule ule ambao abonema ya mtu iliisha.

KOSA LA PILI: HAIELEZI KITU

Orodha inatoa hatua bila sababu. Kwa hiyo msomaji hawezi kufikiri, anaweza kutii tu. Nami naona mambo matatu yangetosha kueleza karibu kila kisa tunachokutana nacho.

La kwanza ni maana ya "imeunganishwa, hakuna intaneti". Simu ya Android ikijiunga na Wi-Fi, inatuma ombi dogo sana kwenye seva ya Google na kungoja jibu fupi lenye namba 204, yaani "sina cha kukupa, ila nipo". Jibu likija, simu inaridhika. Likija jibu jingine, simu inajua kuna ukurasa wa kuingiza tikiti na inakufungulia. Lisipokuja kabisa, inaandika hakuna intaneti. Kwa hiyo maneno yale hayasemi simu imeharibika. Yanasema mimi na ruta tunaongea vizuri, ila ng'ambo ya ruta hakuna anayejibu. Mwenzangu angelijua hilo, angeelekea kwa papa kabla ya kubonyeza chochote.

La pili ni anwani ya simu. Kila simu ina namba inayoitambulisha kwenye Wi-Fi, inaitwa anwani ya MAC. Zamani ilikuwa moja, ile iliyotoka nayo kiwandani. Kuanzia Android 10, iliyotoka Septemba 2019, simu kwa kawaida hubuni anwani tofauti kwa kila mtandao, ili wenye mitandao wasiweze kukufuatilia unakopita. Apple ikafanya vivyo hivyo kwa iOS 14, Septemba 2020. Nia ni njema. Lakini mitambo mingi ya kuuza tikiti inamtambua mteja kwa anwani hiyo hiyo. Simu ikibadilisha anwani, mtambo unaona mgeni.

Na hapa angalieni jambo. Simu ikipanda hadi Android 10, mtandao uliokuwa umehifadhiwa tangu zamani mara nyingi unaendelea na anwani ya zamani. Ukiusahau mtandao ule na kujiunga upya, ndipo simu inapobuni anwani mpya. Na ukirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani, hata anwani iliyokuwa imebuniwa inabadilika. Yaani hatua mbili zinazopendwa sana na orodha zinaweza kuzaa tatizo jipya pale ambapo halikuwepo. Ndivyo tikiti ya mwenzangu ilivyokataa jioni ile.

La tatu ni mipangilio midogo inayokaa katikati ya simu na intaneti. Tarehe, kwa mfano. Simu iliyozima kabisa kwa kukosa chaji inaweza kuamka na mwaka usio wake, na tovuti zikakataa kufunguka, kwa sababu vyeti vya usalama vina tarehe ya kuanza na ya kuisha. VPN nayo. Wengi wetu tuliiweka siku moja mitandao ya kijamii ilipofungwa, tukaisahau humo. Kama imewekwa kuzuia intaneti yote isiyopita kwake, na yenyewe imegoma baada ya mizajuru, hutapata kitu. Kuna pia "DNS ya faragha", iliyokuja na Android 9 mwaka 2018. Mtu akiandika humo jina la seva ambayo haijibu, Wi-Fi itaonekana nzima huku hakuna ukurasa unaofunguka. Vitu vyote hivi vitatu vinakaguliwa kwa dakika tano, wala havifuti hata picha moja.

KOSA LA TATU: HAISEMI KINACHOFUTWA

Hili ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote. Orodha inapanga hatua kumi kwenye mstari mmoja, kwa herufi zile zile, kana kwamba uzito wake ni mmoja. Kuzima simu na kuiwasha hakufuti kitu. Kusahau mtandao kunafuta neno la siri, na kama neno hilo aliliingiza papa mwenyewe kwa mkono wake, sasa huna. Kuweka upya mipangilio ya mtandao kunafuta Wi-Fi zote ulizohifadhi na vifaa vyote vya Bluetooth. Kuirudisha kiwandani kunafuta kila kitu ambacho hakina nakala.

Maneno nayo yanachanganya. Simu nyingi za hapa ziko kwa Kifaransa, na Kifaransa kinatumia réinitialiser kwa mambo mengi: mtandao, aplikasyo, simu nzima. Kiswahili cha kwenye simu kinasema "weka upya", na mtu akisikia "upya" anafikiri ni kufanya kitu kiwe kizuri kama kipya. Ni nani wetu angeogopa neno upya? Kama ningeandika mimi, ningesema wazi: futa mitandao yote, na futa simu yote. Mtu akisoma "futa simu yote" atasimama ajiulize, ndani kuna nini. Kile kisimamo kidogo ndicho mwenzangu alichokosa.

JE, MIZAJURU HAINA MAKOSA KAMWE?

Inayo, na tusiwe watu wa kutetea kampuni. Septemba 2012, Apple ilipotoa iOS 6, watu wengi waliona Wi-Fi yao imegoma siku ile ile. Sababu ilikuwa karibu na kichekesho: simu ilikuwa inakagua ukurasa mmoja mdogo kwenye tovuti ya Apple ili kujua kama kuna intaneti, na ukurasa huo haukuwepo mahali pake. Simu zikadhani zimefungiwa mlangoni. Ukurasa uliporudishwa, simu zikapona zenyewe.

Septemba 24, 2014, Apple ikatoa iOS 8.0.1, nayo ikakata mtandao wa kadi ya simu kwenye iPhone 6 na 6 Plus. Waliiondoa baada ya muda wa saa moja hivi, na kesho yake wakatoa 8.0.2. Desemba 2016, kompyuta nyingi za Windows 10 zilipoteza intaneti, na Microsoft ikaweka tangazo kwenye ukurasa wake wa msaada kuwashauri watu wawashe kompyuta upya. Ukurasa huo, bila shaka, ulikuwa kwenye intaneti. Na Desemba 2020, mizajuru ya Android 11 kwenye simu za Pixel iliondoa lile chaguo la kutokagua cheti kwenye Wi-Fi za taasisi. Watu wa vyuo vikuu waliozoea kuingia kwa njia hiyo wakajikuta nje, hadi waingize mipangilio sahihi ya chuo chao.

Nimetaja visa hivi vinne kwa sababu moja. Katika vyote, kosa lilikuwa kweli upande wa kampuni au wa mipangilio ya mtandao. Na katika vyote, mtu aliyefuta simu yake alifuta bure. Dawa ilikuwa kungoja siku moja, au kuwasha upya, au kumuuliza mwenye mtandao. Kwa hiyo hata pale orodha inapokuwa na haki ya kuishuku mizajuru, hatua yake kubwa kuliko zote haisaidii.

Wala simwambii mtu aache kufanya mizajuru. Inaziba matundu ambayo wezi wanapitia, na sisi wenye pesa kwenye simu tuna kila sababu ya kuyaziba. Nasema tuichagulie wakati. Mizajuru kubwa inaweza kupita giga moja, na ikijipakulia yenyewe kwenye tikiti ya mega za kuhesabu, asubuhi huna tikiti. Ingia kwenye mipangilio, izuie kujipakulia, uifanye siku ambayo huna kitu cha kutuma na chaji imejaa.

NINGEIPANGA HIVI

Mhakiki anayebomoa bila kujenga hatumpendi, kwa hiyo hii ni orodha yangu. Tofauti yake ni mpangilio tu. Inaanza na yasiyofuta chochote, na kila inapofika kwenye kufuta inasema.

1. Uliza: simu ya jirani inapata kwenye Wi-Fi hii hii? Kama haipati, acha simu yako, nenda kwa mwenye antene.

2. Kama ya jirani inapata, kagua tikiti yako. Imeisha? Muda au mega?

3. Angalia tarehe na saa. Zima VPN. DNS ya faragha irudishe kwenye "kiotomatiki".

4. Weka hali ya ndege, hesabu hadi kumi, itoe. Kisha zima simu na uiwashe. Baada ya mizajuru hatua hii inasaidia kweli, kwa hiyo hapa orodha za zamani ziko sahihi.

5. Kama ukurasa wa tikiti haufunguki wenyewe, bonyeza jina la mtandao ndani ya mipangilio ya Wi-Fi, mara nyingi utakuta pa kuingilia.

6. Angalia anwani ya MAC. Ndani ya maelezo ya mtandao kuna sehemu ya faragha. Kama inasema anwani ya kubuni na tikiti yako iliandikishwa kwa anwani ya simu, chagua ya simu. Au mwombe mwenye antene akuandikishe upya. Kwa heshima, maana papa huyo anasumbuliwa na watu kutwa nzima.

7. Kabla ya kuendelea, okoa vilivyomo. Kama una kazi ambayo haijatumwa, tafuta njia nyingine ya kuituma sasa. Picha na mafaili yanakilishwe kwenye memori kadi au kwenye simu ya mtu unayemwamini.

8. Sahau mtandao na ujiunge upya. Inafuta neno la siri la mtandao huo, kwa hiyo lipate kwanza. Inaweza kubadilisha anwani yako, kwa hiyo tikiti inaweza kukataa.

9. Futa mipangilio ya mitandao yote. Inafuta Wi-Fi zote na Bluetooth zote. Picha na aplikasyo zinabaki.

10. Kufuta simu yote sitaiweka. Kama umefika hapa na bado, ngoja kesho, ujaribu Wi-Fi nyingine ya Baraka au ya Misisi. Ikipata huko, simu yako ni nzima.

Namba 7 inaniuma kila nikiisoma. Mwenzangu aliniandikia ujumbe ule kwa WhatsApp, kwa mega kidogo za kadi yake ya simu. Fomu zake zilikuwa za maandishi matupu, hazina picha. Mega zile zile alizotumia kuniuliza na kupokea orodha yangu ndefu zingetosha kuzituma zote 41. Yeye alikuwa amechanganyikiwa, hakuliwaza hilo. Mimi nilikuwa nimetulia, niko kivulini, na sikuliwaza pia, kwa sababu sikuwa ninawaza. Nilikuwa ninatuma tu.

TUNAITWA KWA SABABU TULISOMA

Nimalizie na hili. Kwenye familia zetu, aliyemaliza chuo ndiye fundi wa simu, hata kama alisoma sheria au kilimo. Mama mdogo akishindwa kuingia WhatsApp anamtafuta yeye. Mwalimu aliyestaafu akiona maneno ya ajabu kwenye kioo anampelekea yeye. Hawatuiti kwa sababu tunajua ruta. Wanatuita kwa sababu wanaamini kwamba mtu aliyesoma huuliza kwanza.

Kwa hiyo ninapohakiki orodha hii, najihakiki na mimi. Mwandishi wake, popote alipo, hajui Lulimba iko wapi, na si kosa lake. Mimi ninajua. Ninajua kwamba hapa Wi-Fi ni ya papa, kwamba simu ni moja, kwamba ndani yake mna kazi ya wiki nzima, na kwamba wakati wa mvua kurudi vijijini kuuliza maswali yale yale upya si jambo la siku moja. Nilikuwa nayo maarifa yote ambayo orodha iliyakosa, nikaituma bila kuyatia ndani.

Mwenzangu hakunikasirikia. Aliniambia tu, "Mukubwa, siku nyingine uniulize kwanza." Sasa ndivyo ninavyofanya. Mtu akiniandikia Wi-Fi imekataa baada ya mizajuru, ninamjibu kwa maswali mawili: simu ya jirani inapata? Na ndani ya simu yako kuna kitu gani ambacho hakijatumwa?

Kama una hatua nyingine ambayo imekusaidia na haifuti kitu, tuongezee. Na kama unakusudia kuisambaza orodha yangu, tafadhali ijaribu kwanza kwenye simu yako mwenyewe.